Kabla ya kuuliza maksi, wanauliza kwenu ni wapi

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi hapa Dallas, Texas, kwenye mkutano wetu wa wazazi na vijana wanaosoma ili waje kuwa madaktari. Wengi mlikuwa shifti, mkanitumia meseji mnaomba rekodi, rekodi yenyewe imejaa kelele za watoto na vikombe, kwahiyo nimekaa nikaandika yote kama yalivyotoka mdomoni. Zile picha za ukutani nimeziacha, hazikuwa na maana sana.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, kaka zangu, dada zangu, habari za tangu asubuhi. Vijana nawaona mmejificha huko nyuma, sogeeni mbele, viti viko wazi, nyie ndo wenye shughuli, sisi wengine wapambe tu.

Nianze kwa kusema mimi sio daktari. Mimi ni nesi, mwaka wa 19 huu, nimebeba boksi kama wengi wenu kabla sijapata leseni, nimelea watoto watatu humu humu, na mmoja wao sasa hivi yuko mwaka wa tatu wa udaktari. Ila alichelewa miaka miwili kufika hapo. Alichelewa kwa kosa ambalo sio lake, ni letu mimi na baba yake, na hilo kosa ndo limenisimamisha hapa leo.

Niwaulize. Nani hapa anajua GPA ya mwanae? Nyoosheni mikono. Eeh, karibu wote, na wengine mnanyoosha miwili. Nani anajua mtoto kapata ngapi MCAT, ule mtihani wa kuingilia udaktari, au analenga ngapi? Nusu hivi. Haya, sasa nani anaweza kuniambia mwanae kisheria ni mkaazi wa jimbo gani? Sijauliza analala wapi, nimeuliza ni mkaazi wa wapi.

(Hapa ukumbi ulikaa kimya, kisha mzee mmoja wa safu ya pili akasema "Si Texas bwana, kwani tuko wapi hapa?" watu wakacheka.)

Mzee wangu asante, tutarudi kwako.

Mnaona eeh? Hili swali ambalo hatuna jibu lake ndo swali ambalo fomu ya kuomba shule inauliza mapema kabisa, kabla hawajafungua ile insha nzuri ya mtoto kuhusu bibi yake aliyeumwa kule Moshi. Na sisi hatulijui kwa sababu tulikotoka hatukuulizwa. Ukimaliza Form Six Tanga ukataka Muhimbili hakuna anayekuuliza mkoa, wanaangalia PCB yako umepata nini basi. Kenya hivyohivyo, alama zikitosha unapangiwa, uwe wa Kisumu uwe wa Lamu. Kwahiyo tumekuja na akili kwamba nchi ni moja. Jamani, kwenye kuingia udaktari Marekani sio nchi moja. Ni majimbo 50 na kila jimbo lina wanawe.

Alafu msichanganye maneno. Hospitali mnasikia daktari anasema yuko rezidensi, ile ni miaka ya kufanya kazi chini ya wakubwa baada ya kumaliza shule. Leo siongelei hiyo. Naongelea ukaazi, yani wewe ni mtu wa steti gani.

Kwanini wanauliza? Hii niwaambie kwa lugha yetu. Nani hapa hajawahi kucheza upatu? Mnachanga kila mwezi, wanachama 12, kijumbe anashika daftari. Siku ya kutoa hela anaingia mgeni mlangoni, amevaa vizuri, ana heshima zake, anasema na mimi naomba. Mtampa? Hamumpi. Sio kwamba ni mtu mbaya, hajachanga tu. Sasa shule za umma za udaktari ndo upatu wenyewe. Bunge la jimbo linatoa hela kila mwaka kuziendesha, hela za wakaazi wa pale, na kumfundisha daktari mmoja ni gharama kuliko hiyo ada mnayoiona. Kwahiyo wabunge wanasema wetu kwanza. Na kuna la pili, wanataka daktari atakayebaki. Hapa Marekani zaidi ya nusu ya madaktari wanafanya kazi kwenye jimbo lilelile walikomalizia mafunzo, na jimbo lenye vijijini visivyo na daktari linajua mtoto aliyekulia hapo, mama yake yuko hapo, kanisa lake au msikiti wake uko hapo, huyo ana sababu ya kurudi.

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walishasema. Tatizo letu sisi wahamaji ni hilo neno kwao.

Tuje kwenye namba kidogo tu, sitawachosha. Kila mwaka watu zaidi ya 50,000 wanaomba shule za MD, yani digrii ya kawaida ya udaktari, nchi nzima, wanaoingia ni kama 23,000. Hiyo ndo foleni yote. Sasa humo ndani kila shule ina foleni yake ndogo. Texas hapa sheria inasema shule za umma za udaktari zisichukue watu wa nje zaidi ya asilimia 10 ya darasa. Asilimia 10! Hapo kwenye kumi kuna mtoto wa California, wa New York, wa Florida, wote wanagombania. Na sisi bado tuna afadhali, Mississippi shule yao ya chuo kikuu cha jimbo inachukua watu wa Mississippi tu. North Carolina kuna Brody, wao wakaazi wa North Carolina tu. Georgia kuna Mercer, ile ni ya binafsi kabisa lakini kwa udaktari wanataka mtu wa Georgia. Uwe umepata MCAT ya 528, ambayo hakuna zaidi yake, kama sio mtu wao hawakusomi.

Kuna kijana wetu hapa, sitamtaja na yeye hapo alipo ashaanza kucheka, aliomba shule 30. Fomu ya taifa ile ya AMCAS shule ya kwanza ni dola 175, kila ya kuongezea ni arobaini na kitu, alafu shule zenyewe zinakurudishia fomu ya pili na ya pili nayo ina hela yake. Tukakaa naye mezani baada ya kukosa kote, tukapitia moja moja. Shule 11 kati ya zile 30 zilikuwa za umma za majimbo ambayo hana hata binamu, zinazochukua watu wa nje wa kuhesabu kwa vidole. Nikamwambia mwanangu wewe hukuomba shule, wewe ulitoa sadaka.

(Kicheko kirefu.)

Na ilikuwa rahisi kujua kabla. AAMC, chama cha shule za udaktari, wale wenye hiyo AMCAS, wana orodha yao inaitwa MSAR, unalipia kidogo kwa mwaka, kila shule inakuonyesha wa ndani wameomba wangapi wameitwa intavyu wangapi, wa nje wangapi. Angalia wa nje wanaoitwa intavyu. Ukiona wameomba maelfu wameitwa ishirini, funga hiyo kurasa uende nyingine.

Sasa tuje nyumbani kwangu.

Tulikaa Arlington, hapahapa Texas, miaka tisa. Mwanangu mkubwa kamaliza high school hapa, kapata skolashipu chuo kimoja Oklahoma, tukashukuru Mungu, masaa matatu tu kwa gari, wikiendi anakuja na nguo chafu. Alivyokuwa ameingia mwaka wa tatu baba yake akapata kazi Phoenix, Arizona. Mshahara mzuri. Na mimi nikapata kulekule, kwa nesi kazi haikosekani. Tukauza nyumba mwezi wa tisa. Tulikaa mezani na karatasi tukahesabu mshahara, bei ya nyumba, shule ya wadogo, bima, hata joto tulilihesabu tukasema tumezaliwa Dar tutaliweza (hatukuliweza). Tulihesabu kila kitu. Hakuna aliyesema hivi huyu mkubwa akija kuomba udaktari itakuwaje.

Na yeye mwenyewe ndo alikuja kutusaidia kupakia lile gari la U-Haul. Nakumbuka alibeba kochi peke yake.

Mwezi wa tano fomu zimefunguliwa. Niko shifti ya usiku, simu inaita saa tano, nikajua kuna msiba. Anasema, mama, sisi ni wa wapi? Nikamwambia wewe mtoto umelewa? Anasema hapana mama nisikilize, niko kwenye fomu ya TMDSAS, ile ya shule za Texas, wanauliza wazazi wako wanaishi wapi, tangu lini, nani alikuweka kwenye ritani yake ya kodi kama tegemezi, leseni ya wapi. Najibu nini?

Tukaanza kuhesabu. Texas hatupo, nyumba tumeuza, leseni tumebadili. Yeye ni tegemezi wetu kwahiyo ukaazi wake unatufuata sisi, sio mahali alipolala. Kwamba alimaliza high school hapa haikumwokoa, mana ule mwaka wa karibuni hakuwa Texas, alikuwa chuoni Oklahoma. Basi ni mtu wa Arizona? Arizona wanataka mwaka mzima na sisi tuna miezi minane. Oklahoma je? Kakaa kule karibu miaka mitatu! Hapana, alienda kusoma, na kwenda kusoma hakukufanyi kuwa mkaazi.

Mnaelewa ninachosema? Mtoto mmoja, majimbo matatu, hana kwao. Wazee wanasema mkosa kwao ni mtumwa, mimi hiyo methali niliielewa saa tano usiku nimesimama kwenye korido ya hospitali na soksi za kubana miguu.

Akaomba hivyohivyo kama mtu wa nje kila mahali. Intavyu moja. Wakamweka kwenye orodha ya kusubiri, akasubiri mpaka mwezi wa saba, basi. Na rafiki yake waliyekuwa naye darasa moja hapa Arlington, MCAT chini yake kwa pointi nne, wazazi hawajahama, akapata Texas. Sisemi kwamba huyo hakustahili, alistahili, ni daktari mzuri atakuwa. Nasema tu wazazi wake walikaa kitako.

Tukafanyaje? Alivyograduate akarudi Texas mwenyewe. Akapanga chumba, mkataba kwa jina lake. Akapata kazi ya kusaidia wagonjwa hospitalini, fulltaimu. Leseni ya Texas, gari kasajili Texas, kura kajiandikisha Texas. Mimi na baba yake tukamtoa kwenye ritani yetu, akajaza kodi yake kama mtu mzima anayejitegemea. Miezi 12 kamili ikapita ndo akaomba tena, na safari hii pale kwenye ukaazi aliandika Texas bila kunipigia simu. Akaitwa intavyu tano. Kijana yuleyule, GPA ileile. MCAT hakurudia!

Sasa wazazi, nini cha kushika hapo. Mtoto tegemezi ukaazi wake ni wako. Wewe ukihama yeye kahama hata kama hajafunga begi. Na kinyume chake ni kweli pia, na hapa wengi mnaogopa bure, kuna mama alinipigia analia eti akimpeleka binti Louisiana kusoma digrii ya kwanza atapoteza Texas. Hapotezi mama! Wewe ukiwa upo hapa, nyumba yako hapa, unamweka kwenye kodi yako, binti ni wa Texas hata asome mwezini. Pia mjue hesabu ya miezi 12 inarudi nyuma kutoka tarehe waliyoweka wao, sio tarehe inayokufaa wewe. Na kila jimbo lina masharti yake, msichukue ya Texas mkaenda nayo Virginia.

Na kuna ushauri wa vibarazani lazima niuseme. "Tumia anwani ya shangazi yake." Ndugu zangu, anwani ya shangazi ni nyumba ya shangazi. Wanataka makaratasi, mkataba wa nyumba, hati za mshahara, ritani, leseni, tarehe ya kila kimoja. Ukidanganya kwenye fomu ya udaktari hukosi shule moja, unachunguzwa na taarifa inaenda kwenye shule zote ulizoomba. Mtu anaomba kazi ya kuaminiwa na roho za watu alafu anaanza na uongo wa anwani? Hapana. Mjomba aliyekushauri hatakuwepo siku hiyo.

Upande wa makaratasi ya uhamiaji nitapita kwa upole kwa sababu najua humu ndani tuko wa aina zote. Mwenye grini kadi, mkimbizi aliyepokelewa kihalali, kwa kawaida anaweza kuwa mkaazi wa jimbo kama raia tu, akitimiza muda. Mwanafunzi wa viza ya F-1 ni habari nyingine. Kuna binti wa Mwanza alikaa hapa miaka minne, anapanga nyumba, ana leseni ya Texas, anajua barabara za Dallas kunizidi, akaja kwangu anasema dada mi nimeshakuwa wa hapa. Ilibidi nimwambie ukweli. Viza yake inasema amekuja kusoma na ataondoka, kwahiyo hata akikaa miaka kumi ile saa ya ukaazi haijaanza kutembea. Shule nyingi za umma hazipokei kabisa watu wa F-1. Yeye tukamwelekeza kwenye shule chache za binafsi zinazopokea, na nyingine zinataka uonyeshe hela ya ada ya miaka yote kabla hujaanza. Nilimpa chai akanywa kimya. Sikuwa na la kuongeza.

Na vijana ambao makaratasi hayajakamilika, Texas ilikuwa na sheria tangu 2001 iliyowaruhusu waliomaliza high school hapa wahesabiwe wakaazi kwenye ada. Juni 2025 mahakama ya shirikisho ikaisimamisha. Kwahiyo yeyote anayekupa ushauri wa mwaka 2019 kwenye hili, mshukuru, alafu nenda kwa mwanasheria.

Haya, mmenuna. Ngoja niwape ya kufurahisha.

Mwaka juzi nilikuwa harusini, nikakaa meza moja na kijana wa Kikongo, mpole, Kiswahili chake cha Kigoma kabisa kwa sababu alikulia kambi ya Nyarugusu. Familia ilipata safari ikapelekwa Boise, Idaho. Mnajua sisi wa Texas tukisikia Idaho tunaona viazi tu. Nikamuuliza unafanya nini, akasema nasomea udaktari. Nikasema Idaho kuna shule ya MD? Akacheka, akasema mama haipo, ndo maana niliingia.

Nikaweka kijiko chini. Kumbe iko hivi. Majimbo matano, Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho, yamekubaliana, mpango unaitwa WWAMI, ni herufi za majina yao, ulianza miaka ya sabini mwanzoni na Wyoming wakaingia 1996. Chuo Kikuu cha Washington kinatenga nafasi kwa ajili ya kila jimbo. Wakati yeye anaomba Idaho ilikuwa na nafasi 40 kwa mwaka, za watu wa Idaho tu, bunge lao linachangia gharama, na wanaanzia kusoma hukohuko Idaho kwenye mji unaitwa Moscow. Akasema alivyompigia bibi yake kambini kumwambia anaenda Moscow bibi akamwambia chukua koti zito, Warusi hawana utani.

(Hapa tulicheka mpaka mtoto mmoja akaamka.)

Sasa fikirini. Idaho ina watu wachache, wanaoomba ni wachache, nafasi zimefungiwa kabatini zinamsubiri mtu wa hapo. Kijana wa kambini, baba anafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, alikuwa amekaa juu ya bahati na hakujua mpaka mwalimu wake wa baiolojia alipomwambia. Delaware nao hawana shule ya MD, wana mpango wao wa tangu 1969 unaitwa DIMER, wametengewa nafasi Philadelphia. Kwahiyo ukisikia jimbo halina shule usikimbilie kusikitika.

Na California ndo kinyume chake. Watu wanadhani kuwa mtu wa California ni raha. Shule nzuri kweli, UCSF, UCLA, lakini waombaji wao ni wengi mno, nafasi hazitoshi, na wengi wa watoto wa California wanaofanikiwa kuingia udaktari wanaenda kusomea nje ya jimbo lao. Rafiki yangu yuko Oakland, binti yake ana akili za kutisha, mwaka wa kwanza aliomba shule za nyumbani tu kwa sababu mama hakutaka aende mbali. Akakosa zote. Mwaka wa pili akaomba za binafsi sehemu mbalimbali na za DO, ile digrii nyingine ya udaktari, leo yuko Pennsylvania na mama anapanda ndege. Za binafsi nyingi hazijali sana unatoka wapi, Howard pale Washington D.C. inachukua nchi nzima, na za DO nyingi ni hivyohivyo. Kwahiyo mtu wa jimbo gumu orodha yake lazima iegemee huko.

Na kama kweli unaipenda shule ya umma ya jimbo lingine, uwe na kamba ya kukufunga nalo. Ulizaliwa pale, ulisoma digrii pale, bibi yupo pale unamhudumia kila likizo. Andika. Wanachotaka kujua ni kama utabaki.

La mwisho ni hela, na hili ni la haraka ila limekuwa zito kuliko zamani. Shule za umma hapa Texas mtu wa nje analipa kama dola 13,000 zaidi kila mwaka. Mara nne, dola 52,000, gari mbili hizo. Zamani watu walikuwa wanasema tutakopa tu. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imebadilisha hiyo, kuanzia Julai 1, 2026 wakopaji wapya ule mkopo wa serikali wa Grad PLUS haupo, na mkopo wa kawaida kwa wanaosomea udaktari mwisho ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kuna shule ambazo mtu wa nje ada peke yake inapita hiyo 50,000, bado hajala. Inayobaki utaitafuta benki, na benki inamtaka wa kukudhamini, na mdhamini ni wewe mama uliyekaa hapo na mkoba wako.

Kuna milango midogo ya halali. Ohio wengi wanaingia kama watu wa nje, baada ya mwaka wa kwanza wakitimiza masharti wanabadilishwa kuwa wakaazi, ada inashuka. Hapa Texas mtu wa nje akipata skolashipu ya ushindani ya kuanzia dola 1,000 chuo kinaweza kumtoza ada ya mkaazi. Dola 1,000 inafungua 13,000! Kwahiyo ukiwa wa nje usiidharau skolashipu ndogo.

Nadhani nimemaliza, chakula nasikia harufu. Mzee wangu wa safu ya pili, nilisema nitarudi kwako. Ulisema Texas. Binti yako yuko mwaka wa pili chuo, sio? Leseni yako ni ya wapi?

(Mzee akasema "Missouri." Watu wakaguna. Akajieleza kwamba yeye ni dereva wa malori, yuko Dallas mwaka wa tatu huu, ila leseni, gari na anwani ya kodi vyote kaacha kwa mdogo wake Kansas City, kwa sababu barua hazipotei kule.)

Na kura?

("Missouri.")

Mzee wangu, na unajua kwamba Missouri wanakukata kodi ya mapato na Texas hatuna hiyo kodi?

(Hapo mzee alivua kofia. Mkewe alikuwa anamwangalia kwa jicho ambalo sitalielezea.)

Basi binti yako ni wa Missouri kwenye makaratasi na wa Texas kwenye pilau. Ana mwaka mmoja na kidogo kabla ya kujaza fomu. Muda upo, lakini hauna hata wiki ya kupoteza.

Naandika haya Jumatano. Jana saa moja asubuhi mzee kanitumia picha, ni namba ya foleni ya DPS, ofisi wanakotoa leseni za Texas, yuko mtu wa 46, chini kaandika "Dada nimefika, na mkataba wa nyumba ninao."